Wajukuu wangu Minnesota wakila kwa kadi ya serikali, mama yao atanyimwa uraia?

Mama Mitumba (Umoja), Jumatatu saa nne usiku

Hamjambo wenyeji. Mimi ni wa kusoma tu. Usiku nikishahesabu pesa za kibanda huingia humu, nasoma mnavyogombana kuhusu viza, nacheka kidogo, nalala. Leo usingizi umekataa, kwa hiyo mnivumilie.

Nauza nguo za watoto Gikomba, mwaka wa kumi na tisa huu. Mzaliwa wa Voi, ndoa ndiyo iliyonileta Umoja, Nairobi. Binti yangu ni mmoja tu. Alishinda ile bahati nasibu ya viza ya Marekani, akaondoka Agosti 2023 na mumewe na kijana wao wa miaka miwili. Wako Minnesota, kwenye baridi ambayo wakinisimulia naona kama wanatia chumvi. Waliingia kwa njia halali, Green Card zikawafuata kwa posta, mume akapata kazi kwenye ghala, binti akapata ya kuhudumia wazee. Mwezi wa tisa mwaka jana akajifungua msichana. Wiki ya tatu, mume akainua boksi ghalani, mgongo ukalia kama kijiti kikavu. Sasa anafanya kazi siku mbili kwa juma. Siku nyingine analala sakafuni, miguu juu ya kochi. Binti hajarudi kazini, kichanga bado kinanyonya.

Jumapili tulikuwa kwenye simu ya video. Nyuma ya binti namwona mjukuu wangu mkubwa amefungua friji, amesimama tu, anatazama. Friji za kule zina taa kali, unaona hadi ndani. Niliona nusu kabichi na lile dumu la maziwa likiwa limebaki kidole kimoja. Kijana akafunga mlango polepole, akaenda zake bila kitu. Nikauliza, mmekula nini leo? Binti akasema, "Tumekula, mama." Nyinyi hamumjui. Yule tangu utotoni ukimwuliza amekula nini atakueleza mpaka nyanya zilikatwa vipi. "Tumekula" si neno lake.

Nikambana, akatoa. Siku ya kujifungua, mama mmoja wa ustawi wa jamii pale hospitalini alimpa karatasi: apeleke maombi ya kadi ya chakula kwenye kaunti, na aende WIC, mpango wa chakula cha kina mama na watoto wadogo, kwa ajili ya maziwa na mayai. Karatasi hiyo imekaa ndani ya Biblia tangu Septemba. Hajapiga simu hata moja. Kwa nini? Kwa sababu kundi lao la WhatsApp la ushirika lina mzee aliyetuma ujumbe wa sauti wa dakika nne. Nimeusikiliza mara mbili. Anasema ukigusa chochote cha serikali kabla ya miaka mitano unaandikwa, na siku ya uraia faili linafunguliwa mbele yako, unaambiwa rudi kwenu. Mama mwingine akaongeza kwamba na mtoto naye anaandikwa.

Je, ni kweli? Na kama ni kweli, kwa nini hospitali ilimpa ile karatasi, wanamtega?

Mimi nilikuwa na wazo langu. Binti aje na kichanga hapa Umoja, akae kama miezi minane, maziwa nitanunua mimi, mgongo wa mume upone. Na kama kadi ya chakula haina madhara, waiombe kabla hajaondoka, imsaidie mume na kijana wakati wao wako huku. Niambieni kama nimepanga vizuri.


Mlipa Kodi, Jumatatu saa nne na nusu usiku

Pole mama. Lakini mimi husema ukweli. Mtu hawezi kuhamia nyumba ya watu na jambo la kwanza kuuliza ni sufuria iko wapi. Wamarekani wana haki ya kulalamika. Sisi wenyewe hapa tungekubali?


Mama Mitumba, Jumatatu saa tano kasoro

Mlipa Kodi, hilo jina lako umelichagua vizuri, sasa ngoja nikuonyeshe mlipa kodi mwingine. Binti alinitumia picha ya hati ya mshahara wake wa kwanza, alijivunia kama cheti. Kulikuwa na makato ya Social Security na Medicare, yaani pensheni na matibabu ya wazee, asilimia 7.65 ya jasho lake, kabla hata kodi ya mapato haijaguswa. Hakuuliza sufuria. Alikuwa anaijaza. Nami hapa natoa asilimia 2.75 ya SHA, bima yetu ya afya, sijaona mtu akiniuliza nilizaliwa Nairobi au Voi.

Wenye kujua, tafadhali.


Karani wa River Road, Jumanne saa kumi na mbili asubuhi

Mama Mitumba, habari ya asubuhi. Nimejazia watu fomu za kusafiri miaka mingi, kwanza kwa taipureta, sasa kwa kompyuta. Nitakujibu taratibu kwa sababu mzee wa ujumbe wa sauti hakudanganya kabisa. Amechukua sheria tatu akazipika sufuria moja.

Ya kwanza ni hiyo miaka mitano. Ipo. Ilitoka kwenye sheria ya ustawi aliyoitia sahihi Rais Clinton tarehe 22 Agosti 1996. Mtu mzima mwenye Green Card aliyeingia baada ya siku hiyo hungoja miaka mitano kabla ya kupata kadi ya chakula ya SNAP, au Medicaid ya kawaida, ile bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, au pesa taslimu za familia. Lakini angalia maana ya kungoja. Akiomba kabla ya wakati anaambiwa hustahili, basi, anarudi nyumbani. Hakuna mahali sheria inasema ameiba kwa kuuliza. Binti yako na mumewe, mlango wao ni Agosti 2028.

Watoto ni habari nyingine. Sheria ya kilimo na chakula ya 2002 iliwaondolea watoto wa chini ya miaka 18 wenye Green Card ule muda wa kungoja kwenye kadi ya chakula. Kwa hiyo kijana aliyezaliwa hapa Nairobi anastahili leo. Na kichanga kilichozaliwa Minnesota ni raia wa Marekani tangu pumzi ya kwanza, yeye hana hata la kuulizwa. Mama ndiye anayejaza fomu kwa niaba yao. Anajiandika kama mtu wa nyumba hiyo ambaye hajiombei.

Nyumba moja, sahani nne, serikali inaona mbili. Kima cha juu cha kadi kwa watu wawili ni dola 546 kwa mwezi tangu Oktoba 2025. Kwa wanne kingekuwa 994. Wao hawatafika hapo juu kwa sababu mapato ya wazazi nayo yanaingizwa kwenye hesabu, lakini hata nusu yake itajaza hilo friji.

Nina swali kabla sijaendelea. Nani alilipa hospitali ya kujifungua?


Mama Mitumba, Jumanne saa tatu asubuhi

Mzee Karani, niko kibandani, nimeacha mteja anachagua soksi. Hilo la nyumba moja, sahani mbili za serikali na mbili za Mungu, limenikaa kichwani. Yaani akipika sufuria moja atapima na mizani?

Swali lako nitampelekea akiamka. Huku saa tatu, kwao ni saa sita ya usiku.


Karani wa River Road, Jumanne saa tatu na robo

Hapimi chochote. Wakila pamoja wanakula pamoja. Mgawo ni wa kwenye karatasi.


Yaya wa Minneapolis, Jumanne saa kumi jioni

Habari ya jioni mama. Mimi ni wa Kayole Spine Road kabla ya kuja huku, nahudumia wazee kama binti yako. Nimesoma nikiwa kwenye basi la asubuhi nikajisikia kama unanisimulia mimi. Nilifika na mtoto wa mwaka mmoja na niliogopa vilevile.

WIC aende leo. Si kesho. WIC haiulizi Green Card, haiulizi viza, haina miaka mitano. Inaangalia mapato, na kama una mimba, unanyonyesha, au una mtoto ambaye hajatimiza miaka mitano. Mimi nilidhani nitakaa mbele ya askari. Ni kliniki tu, kama ile ya kupima watoto kule kwetu: walimpima mtoto kilo, wakamchoma kidole tone moja la damu waone kama ana upungufu, wakaniuliza anakula nini. Nikasema uji. Yule dada akaandika uji, akaniuliza uji wa nini. Nikamweleza wimbi mpaka akacheka. Nikatoka na kadi ya maziwa, mayai, maharagwe, siagi ya karanga, na pesa kidogo za matunda na mboga. Kitu kimoja tu cha kujua: mtoto aliyepita miaka miwili wanampa maziwa yaliyoondolewa mafuta, usishangae akikwambia chai imekuwa nyepesi.

Huyo kijana ana miaka mingapi sasa? Kwa sababu akitimiza mitano anatolewa.

Kadi ya chakula ni fomu ya kaunti, inajazwa mtandaoni au kwa karatasi, halafu wanakupigia simu ya mahojiano. Namba ya Social Security wanataka ya wale wanaoombewa tu. Ikifika sehemu ya baba na mama aseme wazi: sisi hatujiombei. Asidanganye kitu chochote, hata kidogo, hata jina la mtu anayelala kwenye kochi. Simu hiyo inapigwa kutoka namba isiyojulikana, na sisi tumezoea kutopokea namba tusizozijua. Mimi niliikosa mara mbili, nikaanza upya.

Halafu huyo shemeji wa mgongo. Aliumia akiwa kazini? Aliandikisha? Hiyo si misaada mama, ni bima ya kazini, mwajiri ndiye anaikatia, na haiulizi umeingia nchini lini. Kuna siku zinazohesabiwa za kuripoti, aandike leo, asiseme kwa mdomo.


Mama Mitumba, Jumanne saa moja usiku

Yaya, Mungu akuzidishie. Kijana anatimiza mitano mwezi wa sita. Kwa hiyo tangu Septemba ile karatasi ikae kwenye Biblia, ni miezi ya mayai ambayo imeliwa na woga. Nimekasirika na sijui nimkasirikie nani. Yule mzee wa kundi ndiye aliyewapokea uwanja wa ndege, akawapa makoti ya baridi. Si mtu mbaya.

Mume aliripoti kwa mdomo. Alimwambia msimamizi, msimamizi akamwambia pole, kaa pembeni unywe maji. Nimemtumia maneno yako kama yalivyo.

Sasa Mzee Karani, shika hapa. Nimemwuliza binti nani alilipa hospitali. Akasema, "Ile kadi ya jimbo, mama, ya Medical Assistance. Kliniki ilinijazia fomu nilipokuwa na mimba ya miezi minne." Akanyamaza. Mimi nikanyamaza. Kumbe ameshaandikwa zamani!


Karani wa River Road, Jumanne saa mbili usiku

Ndicho nilichokuwa natafuta. Medical Assistance ndilo jina la Medicaid huko Minnesota. Tangu 2009 kila jimbo limeruhusiwa kuwafungulia watoto na wajawazito walio nchini kihalali mlango wa Medicaid bila ile miaka mitano. Si majimbo yote yamefungua. Minnesota ilifungua. Kwa hiyo binti alipewa haki ambayo jimbo lake limeiweka, na anga haijaanguka.

Ya pili kwenye sufuria ya mzee ni hiyo wanayoiita "public charge", yaani mtu atakayekuwa mzigo kwa serikali. Hii ni sheria ya zamani sana, na huulizwa unapoomba viza ya kuhamia au unapoomba Green Card. Binti aliulizwa pale Gigiri, kwenye dirisha la ubalozi, akapita. Kwenye fomu ya uraia mtihani huo haupo. Kwenye uraia kinachoua mtu ni uongo: ukidanganya ili upate msaada, hapo umejichimbia. Ukipata unachostahili kwa kusema kweli, umepata.

Na hata pale inapoulizwa, kanuni iliyoanza kutumika Desemba 2022 inahesabu pesa taslimu za kujikimu na kulazwa kwa muda mrefu kwa gharama za serikali. Kadi ya chakula haimo. WIC haimo. Utawala wa Trump ulijaribu kuingiza kadi ya chakula, kanuni ikaanza Februari 2020, ikaondolewa Machi 2021. Najua mtu atasema mambo yanabadilika. Ndiyo. Novemba 2025 wizara yao ya usalama wa ndani ilitangaza pendekezo la kuifuta kanuni ya 2022. Kwa hiyo yeyote aliye na ombi la Green Card lililo njiani asile maneno yangu, amwone wakili wa uhamiaji au shirika la msaada wa kisheria. Binti yako tayari anayo Green Card, hayuko kwenye foleni hiyo.

Isipokuwa akitoka nchini zaidi ya siku 180 mfululizo. Akirudi, anaweza kuhesabiwa kama mtu anayeomba kuingia upya, na maswali ya Gigiri yakamrudia uwanja wa ndege. Tena safari inayopita miezi sita huvuruga hesabu ya miaka ya uraia. Sasa soma tena ile miezi minane yako.


Mama Mitumba, Jumanne saa mbili na nusu usiku

Nimeisoma. Nimenyamaza.


Jirani wa Eastleigh, Jumanne saa nne usiku

Salaam aleikum wote. Nataka kuongeza la tatu ambalo Mzee hajalifikia, kwa sababu liko nyumbani kwangu.

Kaka yangu alitoka Kakuma Desemba 2024, akapelekwa Ohio kama mkimbizi. Mkimbizi zamani hakuwa na miaka mitano ya kungoja. Alifika, akapewa kadi ya chakula mwezi huohuo. Tarehe 4 Julai 2025 wakatia sahihi ile sheria yao kubwa ya bajeti, na humo wakimbizi na waliopewa hifadhi wakatolewa kwenye kadi ya chakula mpaka wapate Green Card. Barua ilimjia siku za kuhuisha kadi. Alinipigia akanisomea kwa Kiingereza chake cha kambini, neno kwa neno, tukadhani amefanya kosa fulani. Hakufanya kosa. Ombi la Green Card ameshalipeleka, jibu bado. Na Medicaid nayo, ikifika Oktoba 2026, itafuata mkondo huohuo.

Nasema hivi kwa sababu naamini mzee wa kundi la mama alisikia habari ya mtu kama kaka yangu, akaiweka kichwani mwa watu wa Green Card. Mama, hali ya mwenye bahati nasibu na hali ya mkimbizi ni vitabu viwili. Zamani chetu kilikuwa na kurasa nzuri zaidi, sasa ni kinyume.


Yaya wa Minneapolis, Jumatano saa kumi na moja alfajiri

Kaka wa Eastleigh, pole sana. Huku Wasomali jirani zangu wamepitia mengi, Desemba 2025 maafisa wa uhamiaji walijaa mitaani, watu wakawa wanatuma watoto dukani. Mama, sitakuficha, na hilo ni sehemu ya woga wa binti yako. Mwaka jana taarifa za watu wa Medicaid zilipelekwa kwa wizara ya usalama wa ndani, majimbo yakaenda mahakamani. Kwa mtu asiye na makaratasi hiyo ni hofu ya kweli na simcheki. Kwa binti yako, walio na faili lake ni walewale waliompa Green Card. Anuani yake wanayo, ndiko walikoituma.

Sasa lile la kichanga. Umesema waombe kadi halafu kichanga kije Umoja na kadi ibaki. Mama usifanye hivyo. Kadi ni ya watu wanaoishi na kula katika nyumba hiyo. Kichanga kikiwa Umoja kinatakiwa kitolewe kwenye hesabu na kaunti iambiwe. Kuna dada tuliyefanya naye kazi alimpeleka mtoto kwa nyanya yake Kisii, kadi ikaendelea kujaa na yeye akaendelea kununua. Walipogundua walimtumia deni la kila mwezi ule, na hilo ndilo jambo linaloweza kukaa mbele yako siku ya uraia. Hakuwa mwizi. Alidhani fungu la mtoto ni la mtoto popote alipo.


Mama Mitumba, Jumatano saa tano asubuhi

Nami nilidhani hivyohivyo. Ningemponza binti yangu kwa mkono wangu, na ningelala usingizi nikijiona mama mwema.

Niwaambie kitu. Mama yangu mzazi yuko Voi, anapata zile elfu mbili za Inua Jamii kila mwezi kwa kuwa amepita miaka sabini. Mara ya kwanza alikataa kwenda kujiandikisha. Alisema serikali haimpi mtu kitu bila kumwandika, na aliyeandikwa hutozwa baadaye. Alikumbuka mambo ya kipande cha mkoloni na kodi ya kichwa, hadithi za baba yake. Nilimsukuma mwaka mzima. Sasa binti yangu yuko Minnesota na ana woga uleule wa bibi yake, neno kwa neno, hata sauti inafanana. Nimeona ajabu, nikaona niandike.


Mlipa Kodi, Jumatano saa saba mchana

Bado nasimama palepale, mgeni ajitegemee. Lakini sikujua kwamba wazazi wenyewe hawapati. Nilidhani ukishuka kwenye ndege unapewa kadi.


Karani wa River Road, Jumatano saa saba na nusu

Wengi wanadhani hivyo, huku na huko. Kwa malipo ya wazee na walemavu ya SSI mwenye Green Card anatakiwa zaidi ya miaka mitano, anatakiwa robo 40 za kazi, ambazo ni kama miaka kumi ya kukatwa mshahara. Na aliyedhaminiwa na ndugu, mapato ya mdhamini wake yanahesabiwa kama yake. Walioshinda bahati nasibu hawana mdhamini wa namna hiyo, kwa hiyo hilo halimhusu binti ya Mama Mitumba. Nimelitaja ili mwingine asije akasoma uzi huu akajipimia koti lisilo lake.


Mama Mitumba, Alhamisi saa tatu usiku

Nimerudi. Jana binti alifungua Biblia nikiwa namwona kwa video. Karatasi ilikuwa Kumbukumbu la Torati, imekunjwa mara nne. Akaikunjua mezani, akaipiga pasi kwa kiganja. Mume akainuka sakafuni, akashika kiuno, akaja kusoma naye. Walijaza mpaka kijana akalala kwenye kiti. Penye watu wa nyumba wameandika wanne, penye wanaoomba wameandika wawili. Binti aliuliza mara tatu kama ni sawa kuacha jina lake nje. Nikamwambia Mzee Karani amesema.

WIC amepata nafasi Jumatatu. Kaunti wamesema watapiga simu ya mahojiano Jumatano saa mbili asubuhi ya kwao, ambayo huku ni saa kumi na moja jioni. Nitafunga kibanda mapema niwe hewani, nimkumbushe kupokea namba asiyoijua. Mume ameandika barua kwa mwajiri, ameweka tarehe na jina la msimamizi aliyempa maji. Safari ya Umoja tumeiahirisha. Nikipata nauli nitaenda mimi, ila hilo ni uzi mwingine na Gigiri nyingine.

Kundi la WhatsApp bado sijui nifanye nini. Binti anaogopa kumkosoa mzee mbele za watu. Nimemwambia akishapata jibu la kaunti aende kwake nyumbani na mayai trei moja, amweleze wakiwa wawili. Kama kuna mwenye njia bora aseme.


Yaya wa Minneapolis, Alhamisi saa nne usiku

Mayai ya WIC asimpelekee mzee mama, hayo ni ya watoto. Anunue mengine!


Mama Mitumba, Alhamisi saa nne na dakika tano

Haya mwalimu. Atanunua.


Mlipa Kodi, Ijumaa saa mbili asubuhi

Mama, kibanda chako kiko upande gani wa Gikomba? Mke wangu anajifungua mwezi wa nne na madukani bei zimetushinda.


Mama Mitumba, Ijumaa saa mbili na robo

Njoo Jumatatu saa kumi na mbili alfajiri robota likifunguliwa, uulize Mama Mitumba wa nguo za watoto, watakuonyesha. Ukiwahi utapata kamera, zile nguo bora. Ukija saa nne utakuta fagia, yaani mabaki, na usiniambie sikukwambia.